Walikuja Kugawa Watoto Wakatukuta Tunacheza

Kama watu wameanza kushusha sauti ukiingia chumbani, na ndugu wanakutazama kama wanavyotazama shamba ambalo mwenyewe karibu atahama, basi haya nakuandikia wewe. Mambo ya dawa na damu sitakufundisha, maana siyajui. Mimi ni fundi cherehani wa Buhembe, hapa Bukoba. Nataka nikueleze tu jinsi tulivyoishi ndani ya nyumba yetu nilipokuwa naumwa, mimi, mama mkwe wangu na watoto watatu, na kwa nini hawakunizika.

Mume wangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Alishuka Muleba, akavuka kwenda visiwani, akakaa huko na wavuvi waliotoka kila upande, kisha akarudi na dagaa na sangara wa kukausha. Siku ambazo ziwa lilichafuka na mitumbwi haikutoka, watu kule walishinda wakicheza karata. Ndivyo karata zilivyoingia nyumbani kwetu. Baba Kemi alikuwa mtu wa kucheka. Akirudi safari alikuwa hata hajavua viatu, tayari ameketi mkekani anawagawia watoto, na akishindwa na Kemilembe, binti yetu mkubwa, alijitupa chali kama mtu aliyepigwa risasi.

Alikufa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, amebaki mifupa. Tulimzika kwao Maruku. Miaka ile kila Jumamosi ilikuwa na mazishi, na mafundi wa majeneza walihamia barabarani kwa sababu kazi ilikuwa haiishi. Hakuna aliyesema mtu kafa na nini. Walisema kifua, walisema malaria imepanda kichwani, walisema amerogwa huko visiwani. Jina lenyewe, silimu, yaani ukimwi, lilisemwa nyuma ya mlango.

Mvua za masika zilizofuata nikatokwa na mkanda wa jeshi. Ulinishika ubavu wa kushoto, ukazunguka mpaka mgongoni, malengelenge yanawaka kama nimemwagiwa uji wa moto. Majirani walioona walinyamaza, maana kila mtu alikuwa ameshaona mkanda ule kwa mtu ambaye baadaye alizikwa. Ukapona, ukaniachia kovu jeusi. Kikaja kikohozi. Nguo zikaanza kunivuka. Mimi niliyewapimia wenzangu viuno, nikawa najishonea upya sketi zangu, napunguza, napunguza, mpaka nikaacha nikafunga kanga.

Hospitali ya mjini walisema ni kifua kikuu, nianze sindano kila siku na vidonge. Kupima damu yenyewe waliniambia nitapima nikipata nguvu, na mimi sikuuliza zaidi. Nilijua.

Sijui kwenu wanapangaje, ila sisi wa kikohozi tulikuwa na benchi letu, mwisho wa korido, karibu na dirisha lisilo na kioo. Kukaa pale ilikuwa kama kutangazwa redioni. Wanawake walijifunika kanga mpaka puani. Mtu akimwona jirani yake anapita, alijifanya anafunga kamba za viatu, hata kama amevaa kandambili. Sindano zilichomwa matakoni mpaka pakawa pagumu kama ubao, nikawa siwezi kukaa sawasawa wala kulala chali. Muuguzi mmoja mnene, tulimwita Sista tu, alikuwa akimaliza kuchoma anaweka kiganja chake pale na kupasugua taratibu, wakati wenzake walisukuma sindano na kuita, "Anayefuata!" Kile kiganja nakikumbuka mpaka leo. Ilikuwa miezi mingi hakuna mtu mzima aliyenigusa bila kuogopa.

Mama mkwe wangu, Ma Damari, alikuja kutoka Maruku kuniuguza. Alikuwa Mlutheri wa ile jamii ya waliookoka, hanywi rubisi, pombe yetu ya ndizi, hachezi ngoma, na asubuhi aliimba nyimbo za kitabu kabla kuku hawajashuka. Alikuwa ameshazika watoto wanne, mume wangu akiwa wa nne. Alinipikia ndizi akaziponda laini kama za mtoto, akaniosha, akafua mashuka. Maneno yake yalikuwa machache. Niliona anajiandaa, na sikumlaumu.

Kilichoniudhi ni nyumba. Watu walikuja kunitazama, wakakaa kwenye viti kuzunguka ukuta, mikono mapajani, wakanyamaza. Watoto nao waliambiwa wasipige kelele, mama anaumwa. Kemilembe alipika kwa kunyata. Muganyizi, mvulana wangu, aliyezoea kupiga mpira ukutani kutwa, aliketi mlangoni anachora chini kwa kijiti. Asimwe, yule mdogo ambaye alikuwa hajaanza shule, alijifunza kulia bila sauti. Jioni moja nimelala chumbani nikawasikia watatu hao wananong'onezana sebuleni, na sauti ile niliitambua. Ilikuwa sauti ya matanga.

Nikapandwa na hasira ambayo sikujua nilikuwa bado na nguvu za kuibeba. Nikaita, "Kemi! Mbona mnanong'ona? Nani amekufa?"

Kisha Kemilembe akatokea mlangoni. "Hakuna, Mama."

"Basi leta karata za baba yenu. Na mkeka. Na hao wadogo zako."

"Bibi atakasirika."

"Akasirike. Leta."

Wakanishika, wakaniegemeza ukutani na mito. Tulicheza lasti kadi. Mikono yangu ilitetemeka, karata zikawa zinaanguka zikifunuka, watoto wanaziona, na kwanza walijifanya hawajaziona kwa kunihurumia. Nikawaambia atakayenihurumia namtoa mchezoni. Muganyizi akanitazama, akaona sitanii, akashusha mbili ya kopa kwa kishindo, ile inayomlazimu mwenzako aokote karata mbili.

"Mama, kula mbili!"

Nilikuwa sijala kitu siku nzima. Ma Damari alikuwa amenibembeleza na uji, na ndizi, na supu, nikavirudisha vyote. Asimwe akasema, kwa sauti yake ile nyembamba, "Mama hali chakula, anakula karata tu." Tukacheka. Nilicheka mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka Kemilembe akashika kopo la kutemea, na bado nikiwa nakohoa nilikuwa nacheka.

Ma Damari aliingia kutoka jikoni. Akasimama, mwiko mkononi.

"Hizo ni karata?"

"Ni karata, Mae."

"Katika nyumba yenye mgonjwa? Hicho ni kitabu cha shetani, mkamwana. Unataka kumkabili Mungu wako umeshika hicho?"

"Mae, sijaenda kumkabili leo. Leo nacheza na wanangu."

Aligeuka akarudi jikoni. Tukasikia masufuria yanagongana. Watoto walinitazama kama wanaouliza, tuendelee au tuache. Nikasema, "Zamu ya nani?"

Tukaendelea jioni ile na jioni nyingine zote. Chakula kikiwa jikoni, kabla taa haijawashwa, mkeka ulitandikwa. Sikuwa na nguvu za kushona wala za kuchota maji wala za kwenda kanisani, lakini nilikuwa na nguvu za kushika karata, na nilizitumia zote hapo. Muganyizi alichora ubao wa drafti kwenye boksi, akaokota visoda. Wageni wa kunitazama walipokuja waliambiwa waketi mkekani au warudi siku nyingine. Wengine hawakurudi tena. Mwanamke mmoja wa jumuiya ya kanisa alisema nje, nikamsikia, kwamba silimu imenipanda kichwani.

Nilizipeleka mpaka kwenye benchi la kikohozi. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, nikazitoa kwenye kikapu nikamuuliza dada aliyejifunika karibu nami kama anajua lasti kadi. Alinitazama muda, kisha akashusha kanga. Alikuwa msichana tu, wa umri wa kwenda chuo. Mzee mmoja wa Kaagya akasogea, akasema yeye anajua arubastini, hizo nyingine ni za watoto. Sista alipotoka kutuita alikuta watu wa benchi lile wanabishana kwa sauti kama wako sokoni. Akaweka mikono kiunoni.

"Nyie ni wagonjwa kweli?"

"Wagonjwa kabisa, Sista," yule mzee akajibu. "Lakini subiri kidogo, nina karata nzuri."

Akasubiri. Nakwambia ukweli, alisubiri.

Nyumbani Ma Damari alikuwa akipitia sebuleni uso ameugeuzia ukutani. Ila masikio hayana mlango. Jioni moja Muganyizi aliificha karata chini ya goti, na sauti ikatoka jikoni, "Wewe mtoto, irudishe!" Tukageuka wote. Alikuwa amesimama kwenye upenyo wa pazia, na haikuwa mara yake ya kwanza kusimama pale.

Kesho yake alikuja na vijiwe kwenye pindo la kanga. Akavimwaga mkekani, akachora duara kwa mkaa kwenye sakafu, akakaa chini, yeye na magoti yake yale.

"Karata sichezi," akasema. "Lakini mdako Mungu hajaukataza."

Akarusha kijiwe juu, akakomba vingine kwenye duara, akadaka, akavirudisha, akabakiza kimoja, yote kabla sijaona mkono umeendaje. Watoto walipiga kelele. Asimwe akamrukia mgongoni.

"Bibi, umejifunza wapi?"

Ndipo akatueleza. Wakati wa vita vya Amin, ndege zilipokuwa zinakuja kupiga mjini, watu wa Maruku walichimba mahandaki kwenye migomba. Yeye alishuka na watoto wake, wakasikia mabomu upande wa mjini, na udongo ukawa unawadondokea vichwani. Watoto walikuwa wanatetemeka, mmoja amejikojolea. Akaokota vijiwe vya handaki lenyewe akaanza kucheza nao.

"Baba yenu alikuwa mwizi kama huyu," akasema, akimwonyesha Muganyizi kwa kidevu. "Bomu linalia, na yeye ananiibia kijiwe."

Kisha akanisukumia vijiwe. "Mkamwana, zamu yako."

Sikuweza. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa vidonge, kijiwe kilipita katikati kikaangukia mapajani. Nikarusha tena, kikanipiga kwenye paji la uso. Ma Damari hakucheka wala hakunionea huruma. Alisema tu, "Tena." Ndiyo ikawa dawa yangu ya vidole. Asubuhi anarusha yeye nadaka mimi, nimekaa kwenye jua mlangoni.

Kahawa zilipoanza kuiva, Ta Zakaria akaja. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mtoto wa kwanza wa Ma Damari. Alikuja Jumapili baada ya ibada, amevaa koti, yeye na wazee wawili wa ukoo. Walitukuta mkekani, na nilikuwa nashinda. Kichwani nywele zilikuwa zimenyonyoka, nimebaki na manyoya kama kifaranga, na magoti yangu yalikuwa manene kuliko mapaja. Kemilembe akasimama kuwapisha viti. Wakakaa. Wakasalimia, wakapewa maji. Kisha Ta Zakaria akaanza kusema na mama yake juu ya kichwa changu.

"Mae, tumekaa kama ukoo, tumeona hali ya mgonjwa. Si vizuri mambo yatukute ghafla kama kwa marehemu. Kemilembe ataenda Mwanza kwa shangazi yake, amsaidie kazi za nyumbani. Huyu wa kiume namchukua mimi. Huyu mdogo tutamwangalizia mahali. Na nyumba hii..."

"Shule yangu?" Kemilembe akauliza.

"Watoto hawaulizi wakubwa wakizungumza."

Asimwe alinishika kanga kwa mikono yote miwili. Muganyizi alikuwa ameshika karata zake vile vile, hazitazami. Niliona jinsi itakavyokuwa. Niliwaona watatu hao wanapanda magari matatu.

Nikasema, "Ta Zakaria."

Akaendelea kuzungumza na mama yake.

"Ta Zakaria, waitu, nakuomba. Mgonjwa unayemsema yuko hapa. Ana masikio na ana mdomo. Zungumza naye."

Wazee wale wakatazamana. Ta Zakaria akakohoa kidogo. "Shemeji, hatusemi kwa ubaya. Wewe mwenyewe unajiona."

"Najiona. Nimekonda, sina nywele, nimechomwa sindano mpaka sikai. Lakini sijafa. Siku nikifa utaambiwa, uje na koti lako hilo hilo. Leo wanangu hawaendi popote. Huyu anaenda shule kesho, na huyu pia. Na huu mchezo hatujaumaliza."

"Unacheza karata na kifo kiko mlangoni!"

"Mlangoni mmeingia nyinyi," nikasema. "Sijaona mwingine."

Alisimama. Alikuwa mtu mrefu, na sebule yetu ilikuwa ndogo. Alimgeukia mama yake. "Mae, umesikia anavyonijibu? Chukua nguo zako, nakurudisha Maruku. Acha abaki na jeuri yake."

Hapo niliogopa kweli. Bila Ma Damari nisingefika hata hospitali. Bibi yule aliketi anakusanya vijiwe vyake kimoja kimoja kwenye kiganja.

"Zakaria," akasema mwisho. "Ndugu zako wanne niliwauguza kwa kulia. Nilikaa pembeni ya kitanda nikalia mpaka wakafa wananitazama nalia. Huyu hataki. Huyu ananiambia nirushe vijiwe. Sijui kama atapona, Mungu ndiye anajua. Lakini siondoki, na mtoto hata mmoja haondoki hapa nikiwa nimekaa."

"Mae..."

"Nenda nyumbani, mwana wangu. Kahawa zako zinaiva."

Walitoka. Ta Zakaria aliubamiza mlango, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakukanyaga kwetu. Kemilembe aliingia jikoni tukamsikia analia kwa sauti, sauti kamili, na nilifurahi kuisikia. Muganyizi akanifunulia karata zake. Alikuwa na mbili na jeki, angenimaliza. "Nilisahau kucheza," akasema.

Usifikiri kwamba tangu siku ile nilipanda tu. Sindano ziliisha, vidonge vikaendelea, nikanenepa kidogo, nikarudi kwenye cherehani, watu wakaanza kuniletea sare za shule. Msimu wa senene, mimi na watoto tuliwakimbiza senene usiku ule ule wa kwanza walipodondoka. Kisha baada ya masika mengine nikaanguka upya, safari hii tumbo, na utando mweupe mdomoni hata maji yakawa yanachoma. Ndipo nilipopima damu. Mshauri alianza kuzungukazunguka na maneno, nikamwambia, "Mwanangu, sema tu, nina watoto wananisubiri." Nilipanda na kushuka hivyo kwa miaka. Kuna jioni nilicheza nimelala ubavu, Asimwe ananishikia karata ananong'oneza sikioni ipi tutoe. Kuna jioni sikuweza hata hivyo, wakacheza karibu yangu nikasikiliza. Kuna siku nilimtukana Ma Damari kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi, na Kemilembe akaniambia nimekuwa mkali kama nyigu. Alikuwa amesema kweli. Maumivu yanakufanya uwe mtu ambaye wewe mwenyewe humpendi, na watu wa nyumbani ndio wanaomlisha.

Dawa za kufubaza virusi zilipofika Bukoba nilikuwa nimeshakuwa kama fimbo. Walitaka kila mgonjwa aje na msaidizi atakayehakikisha anameza. Wenzangu walikuja na waume, na dada. Mimi nilikuja na bibi kizee mwenye Biblia kwapani. Alimsikiliza mshauri mpaka mwisho, kisha akatoa sheria yake mwenyewe: jioni hakuna atakayegawiwa karata wala kugusa kijiwe mpaka Ma Kemi ameze na kufunua mdomo. Zile za mwanzo ziliniwasha nyayo kama natembea juu ya makaa, na zilinipa ndoto za ajabu. Nilitaka kuziacha. Lakini niachie wapi, wakati watoto watatu na bibi wamekaa mkekani wananitazama mdomoni, wanataka mchezo uanze? Nikameza. Nikameza jioni zote hizo. Nywele zikarudi, nyeusi na laini kuliko za zamani. Siku moja nikiwa napima mteja niliona vidole vyangu vinahisi pini.

Ma Damari alikufa kwa uzee, kitandani kwake Maruku, mvua za vuli zilipoanza. Nilimuuguza mimi. Nilimwosha, nikampondea ndizi, na alipokuwa hawezi tena kukaa nilimwekea vijiwe kiganjani akawa anavichezesha vidoleni mwake huku ananisikia nikimwimbia kitabu chake. Nilimvalisha gauni nililolishona mwenyewe.

Matanga yalipoisha ukoo ulikaa, kama desturi, kupanga aliyoyaacha marehemu. Nilikaa nao. Ta Zakaria alikuwa amezeeka na alikuwa mkimya. Tulikuwa tumeanza kusalimiana wakati wa ugonjwa wa mama yake, aliponikuta nikimnyanyua mikononi. Mzee mmoja, asiyenijua vizuri, akauliza, "Na hawa watoto wa marehemu ndugu yetu, wapo chini ya nani?"

Ta Zakaria akasafisha koo.

"Mama yao yupo," akasema. "Muulizeni yeye."

Nikasimama. Nikasema Kemilembe yupo chuo cha ualimu, atarudi huko Jumatatu. Nikasema Muganyizi yupo sekondari, na Asimwe yupo kwangu Buhembe na atabaki kwangu Buhembe. Nikasema mimi ni mama yao, naishi na virusi, nameza dawa kila jioni, na mwenye swali aniulize sasa hivi nikiwa nimesimama mbele yake.

Nje, kwenye uwanja, wajukuu wa ukoo mzima walikuwa wamejaa mkekani, na kelele ziliingia mpaka kwenye kikao. Mzee yule akakunja uso. "Waambieni hao watoto wanyamaze. Hapa pana msiba."

Kabla mtu hajanyanyuka, Asimwe alichungulia mlangoni, ametokwa jasho.

"Mama, njoo. Amepungua mtu mmoja."

Nikawaomba wazee radhi, nikatoka kwenda kucheza.